Mumtoshe Hapo

Mapendo, mwanangu, mama yangu,

Nimegeuza kinu kichwa chini, nimeweka ubao juu yake, na hapo ndipo ninapoandikia. Wewe uko kwa Mama Konsolata unaaga. Kwa namna ninavyomjua yule Mrundi, kuaga kwake kuna utangulizi, kuna katikati, na kuna machozi, kwa hiyo nina muda mpaka jua lizame.

Mambo ya kuchemsha maji na kufunga mlango kwa kufuli mbili mama yako ameyasema mara tisa. Nilihesabu. Mimi sitayarudia. Mbarara ni saa chache tu za gari kutoka hapa Kashojwa, kwenye kambi yetu ya Nakivale, si mwezini. Wiki ijayo utakuwa umekwisha kutuona sisi washamba, na ni vizuri, ndiyo kazi ya miji.

Ninakuandikia kwa sababu umeniuliza swali moja wiki nzima, na wiki nzima nimekukimbia. Jumatatu nilikujibu kwamba nina njaa. Jumatano nilisema mbuzi amefunguka, nikatoka mbio, na wewe ukakumbuka kwamba hatuna mbuzi. Swali lako lilikuwa hili: "Papa, ile maneno yetu ya Kongo, mashini iyahesabu kuwa makosa, ao iyaache?" Na Tumusiime, mwenzako wa Mbarara, anataka jibu ukifika tu, kabla hamjaifungulia dunia nzima hiyo kazi yenu.

Jibu ninalo. Limekaa ndani ya kaye ya saba, lile daftari ulilolitafuta ukalikosa. Lakini unanijua, mimi siwezi kwenda kisimani bila kupita sokoni kwanza. Vumilia.

Siku ya kwanza uliponionyesha hiyo Nyoosha yako, kwa lile jina nilifikiri ni kitu cha kupiga pasi. Ukanieleza pole pole, kama ninavyopenda. Mtu akiwa anaandika hadithi yake kwenye mtandao, Nyoosha inajibandika kwenye kivinjari chake, inasoma kila neno, na neno isilolijua inalipigia mstari mwekundu chini. Akigusa ule mstari, inampa neno jingine badala yake. Nikakuuliza, basi ni kama kirukia, ule mmea unaoota juu ya mti wa wenyewe? Ukacheka ukasema ndiyo, Papa, lakini hiki kirukia kinaulisha mti. Nilipenda jibu hilo hadi leo.

Nikaendelea kuuliza, maana nikianza kuuliza mimi ni kama mvua ya Aprili. Maneno yamekaa wapi? Mu orodha. Orodha iliandikwa na nani? Na watu wa vitabu. Hao watu wa vitabu, kuna hata mmoja aliyewahi kupita hapa kununua samaki? Ukaandika kitu kwenye daftari lako. Nilijiona mtu mkubwa sana: nimesema kitu, na mtu aliyesoma amekiandika.

Ndipo ukanifanya mtumiaji nambari moja. Mimi niliyeishia darasa la tano, tena hilo la tano nililitoka kabla ya Noeli! Ulinipa fomu, nyota moja hadi tano. Nilikupa nyota mbili na robo. Ukasema mashini haijui robo. Nikasema basi hilo ndilo kosa la kwanza, andika.

Unakumbuka nilivyoijaribu. Kwa kidole kimoja niliandika habari ya kukimbia kwetu: "Batu mingi balikimbia, kila mutu anatafuta fasi." Nyoosha ikawaka kama pilipili iliyoiva. Kwa "batu" ikanipa "bata". Kwa "fasi", yaani mahali, ikanipa "nafsi". Nikagusa hapa, nikagusa pale, kwa udadisi tu wa kuona itatufikisha wapi, na mwisho tukasoma: bata mingi walikimbia, kila mtu anatafuta nafsi. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka pia, lakini niliona nusu ya pili haikuwa uongo sana.

Halafu akaja Mama Konsolata na malalamiko yake. Kwa kuwa yeye anaandika zile hadithi za mapenzi kipande kwa kipande, na wasomaji wake wanazingoja kila Ijumaa kama wagonjwa wanavyongoja daktari, alijiona ana haki ya kuanza bila salamu.

"Bon, Mapendo, hii kitu yako inanitazama!"

"Inakutazama namna gani, Mama Konso?"

"Kama mamamkwe aliyesimama jikoni. Naandika 'alimukumbatiya', nyekundu. Nafuta, naandika tena, nyekundu. Tangu juzi yule bwana amenyoosha mikono, hajamshika mtoto wa watu!"

Nikamwambia, "Labda mashini inajua yule bwana ana bibi nyumbani."

"Wewe mzee nyamaza, naongea na wenye akili."

Wewe hukucheka. Ulimuuliza: mstari unakusumbua kwa sababu upo, ao kwa sababu unakuja mapema? Akafikiri, akasema, unakuja mapema. Kesho yake ukabadilisha, mstari usitokee mpaka mtu amalize aya yake. Konsolata akamaliza kukumbatiana kwake kwa amani, na Ijumaa ikafika wakati wake. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni namenya muhogo, na nilijiuliza jambo ambalo sikukuambia: mtoto huyu amejifunza wapi kumwuliza mtu anachotaka kusema, kabla ya kumtengenezea? Kwangu hakujifunza.

Tumusiime naye nilimpenda, usidhani sikumpenda. Alifika na bodaboda kutoka Kabingo, vumbi limempaka mpaka kwenye nyusi, akanisalimu kwao, "Agandi, mzee!" halafu akaingia kwenye Kiswahili cha baba yake aliyekuwa askari, Kiswahili cha kizuizi cha barabarani: simama, leta, kwenda.

"Mzee, mimi napenda hii watu ya Nakivale. Lakini teacha akiona 'fasi', yeye nakata maksi. Sasa mwanafunzi yeye nalaumu nani? Nalaumu sisi."

"Na hii Kiswahili yako mwenyewe, Nyoosha imekwisha kuiona?"

"Eeh, mzee! Mimi ilinipiga nyekundu mpaka nikafunga kompyuta."

Tulicheka wote. Lakini hoja yake si ya kitoto. Mtoto wa shule anaandika mtihani, mwalimu ana kalamu, na kalamu haina huruma. Usiende Mbarara ukamfanya adui. Hakukosea. Ila anajua aina moja tu ya hatari, na mimi ninajua ya pili, kwa sababu niliitengeneza kwa mkono wangu.

Sasa tumefika.

Ulipotaka barua zangu za zamani uzipitishe kwenye mashini, nilikupa kaye kumi. Miaka yote hii watu wa hapa wasiojua kuandika wamekuja kwangu. Mimi huandika kwanza kwenye kaye, halafu nanakili kwenye karatasi safi, ndiyo maana kila shida ya Kashojwa ninayo nakala. Wewe, kwa macho yako ya mwizi, ukaona namba zinaruka.

"Papa, ya saba iko wapi?"

"Panya."

"Panya alichagua ya saba tu?"

"Panya wa hapa wamesoma."

Haikuliwa na panya. Ilikuwa chini ya gunia la maharage, nimeificha kwa miaka. Na Alhamisi iliyopita, ulipoenda kuchota maji, niliitoa. Nilifungua kompyuta yako, ile yenye bawaba iliyofungwa kwa mpira, nikaandika sentensi mbili kutoka humo, neno kwa neno: "Naomba mumtoshe hapo. Mimi niko radhi."

Nikangoja mstari mwekundu. Nakuambia kweli, nilitaka utokee. Nilikuwa kama mtu aliyekwenda kwa padri kuungama anamkuta padri amelala. Nyoosha ikatoa alama yake ya kijani ikasema: "Sentensi zako zimenyooka."

Nikafuta, nikatoka. Uliporudi ulinikuta nyuma ya nyumba, ukafikiri nimekasirika kwa sababu ya bata. Sikukasirika, mama. Niliogopa.

Zile sentensi ni za Byamungu. Wewe unamjua kama mzee wa nyumba ya tatu, mkali, asiyependa kusikia hata jina la Tanzania likitajwa, ambaye watoto wanamkwepa. Hakuwa hivyo. Tulipotoka Kivu alikuwa mtu wa kuimba njiani. Vita ilipofika, mke wake na mtoto wao Furaha, msichana wa miaka sita, walikuwa mjini Baraka kwa dada ya mke. Wao wakavuka ziwa kuingia Tanzania. Yeye akapita upande huu na sisi. Baadaye msafiri mmoja akaleta habari: mke amekufa kwa homa kule Kigoma, na mtoto amechukuliwa na mama mmoja Mtanzania, fundi wa cherehani, mtu mwema, asiye na mtoto. Msafiri yule alikuwa anarudi kule wiki ile ile. Byamungu akanijia akilia na kucheka kwa pamoja. Mtoto yuko hai!

"Andika," akaniambia. "Uwaambie aksanti kwa kulea mutoto wangu. Sasa nalomba bamutoshe pale. Mi niko tayari."

Wewe umezaliwa huku, umesikia Kiswahili mbili tangu utotoni, kwa hiyo labda umekwisha kushika kichwa. Kwetu, kutosha ni kutoa. Tosha chungu kwa moto, batu bale. Byamungu alisema: wamtoe pale, waniletee, mimi niko tayari kumpokea. Lakini kwa Mtanzania, kutosha ni kufika kiasi. Chakula kinatosha. Basi, inatosha.

Na mimi, mama yangu, wakati ule nilikuwa na kiburi cha kitabu. Nilikuwa na sarufi ya Kiswahili niliyoiokota njiani, haina jalada, haina kurasa za mwanzo, na nilikuwa nasikiliza redio ya Tanzania kila asubuhi nikirudia maneno peke yangu kama kasuku. Nilitaka barua zangu zikifika huko wasomaji waseme, huyu aliyeandika ni mtu. Kwa hiyo niliinyoosha barua ya Byamungu. "Bamutoshe" nikaifanya "mumtoshe". "Nalomba" ikawa "naomba". "Pale" ikawa "hapo", maana hao wanaoisoma ndio walio hapo. Unaona nilivyokuwa hodari. Na "tayari" nikaliona ni neno la kila mtu, la sokoni, nikaweka neno nililolipenda sana siku zile: "radhi".

Naomba mumtoshe hapo. Mimi niko radhi.

Soma sasa na sikio la yule mama wa cherehani. Baba ya mtoto anamwambia: uwe wa kumtosha, wewe, huko huko. Mimi nimekubali.

Jibu lilifika baada ya miezi. Nilimsomea Byamungu mwenyewe, mbele ya mlango wake. "Tumepokea barua yako. Tumelia sana. Tutamtosha, kwa uwezo wa Mungu." Byamungu aliruka. Alisikia: tutamtoa, tutakuletea! Alinunua gauni la njano la kukadiria kwa macho, akaanza kwenda Kabingo kila siku ya soko, kukaa pale magari yanaposhushia watu. Msimu wa mahindi ukapita. Wa maharage ukapita. Gauni likawa dogo kwa mtoto ambaye hayupo.

Mimi nilijua lini? Si siku ile. Siku ile neno "tumelia" lilinikwaruza kidogo, nikalipuuza. Ilikuwa mvua za mwaka uliofuata. Nilikuwa nafungua sarufi yangu kutafuta kitu kingine kabisa, nikakutana na "tosha" na mifano yake mitatu, na hakuna hata mmoja wenye chungu wala moto. Nilikaa pale mpaka maji ya mvua yakaingia ndani yakanilowesha makalio. Ndiyo, makalio, sitaki ufikiri baba yako aliteseka kwa heshima.

Ningeweza kuandika barua nyingine siku ile ile. Nakuomba uelewe kwa nini sikuandika, usinisamehe haraka. Watu walikuwa wananiita Mwalimu. Mtu wa darasa la tano, anaitwa Mwalimu mbele ya mkewe. Nikamwambia Byamungu njia ni mbaya siku hizi, angoje. Nikangoja naye. Nilipopata ujasiri nusu, nikaandika bila kumwambia, lakini yule mama alikuwa amehama na barua ikarudi. Byamungu akaacha kwenda Kabingo. Akaanza kusema Watanzania ni waongo, wanakuandikia tutakuletea na wanakula mtoto wako. Na mimi nilikuwa nasikia, natikisa kichwa, nasema eeh, watu wabaya.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko neno lenyewe. Neno lilikuwa kosa. Lile "eeh" halikuwa kosa.

Miaka miwili iliyopita mtu aliyetoka Kigoma alileta namba ya simu. Furaha ni mwanamke sasa, anashona kama mama yule. Alimwambia yule mtu: baba aliandika kwamba yuko radhi, sina kinyongo, lakini akitaka kusikia sauti yangu, namba ni hii. Hilo neno "radhi" lilimpita Byamungu, akadhani mtoto mwenyewe amechagua kubaki kule; akaichukua namba, akaitia ndani ya Biblia yake, akasema, "Mutu aliyechagua, amechagua." Hakupiga. Na mimi niliyeweza kusema neno moja, nilikuwepo, nikaomba chumvi.

Sasa rudi kwenye mashini. Nimeifikiria tangu Alhamisi, na kuna kitu kinanishangaza sana. Kama barua ile ningeiandika chafu, na bamutoshe yake, na nalomba yake, yule mama asingeielewa upesi. Angesema, hiki ni Kikongo hiki, na Kigoma imejaa Wakongo, angemwita mmoja amsomee, na huyo angemwambia pale pale: mama, anamtaka mtoto wake. Uchafu ule ndio uliokuwa alama ya kwetu. Mimi nilifua nguo mpaka nikafuta jina la mwenye nguo. Nikaacha sumu moja tu ndani, nayo ilikuwa imevaa vizuri kuliko wote.

Nyoosha inafanya kazi yangu ya zamani, mama. Inashika "fasi", ambayo haijamwua mtu. Inaacha "mumtoshe" ipite na alama ya kijani. Hilo ndilo jibu langu kama mtumiaji nambari moja, na safari hii nyota utajaza mwenyewe.

Ufanye nini? Mimi sijui, mimi si fundi. Nauliza tu, kwa kweli nauliza: inawezekana mashini kuuliza badala ya kunyoosha? Kama vile ulivyomwuliza Konsolata. Kabla ya yote, imwambie mtu: unamwandikia nani? Mwalimu wa mtihani? Basi nyekundu zote za Tumusiime ziwake, ni halali yake. Unamwandikia mtu wa kwenu? Basi funga mdomo, wewe mashini. Na yale maneno yanayofanana sura na kutofautiana tumbo, kama tosha, yapewe rangi nyingine. Isiwe nyekundu, maana hayajakosea. Na hiyo orodha ya maneno ya namna hiyo ni nani atakayeiandika? Watu wa vitabu hawaijui. Ninafikiri iko hapa, imetawanyika kwenye midomo, na itabidi mtu akae nasi akiuliza kila neno. Je, yatakuwa mangapi? Hilo linanikosesha usingizi kwa utamu. Peke yangu leo nimepata matano.

Kaye ya saba nitakupa. Lakini haikuwa yangu kutoa, kwa hiyo leo asubuhi nilikwenda kwa mwenyewe.

Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nilisimama. Sikuwa na mzaha hata mmoja mdomoni, na alishtuka kwa hilo tu.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna. Byamu, ile barua ya Furaha. Niliandika 'mumtoshe'."

"Si njo nilisema?"

"Ndiyo, njo ulisema. Lakini kule, kumtosha ni kuwa baba yake na mama yake. Ni kukaa naye."

Mikono yake ikasimama ndani ya ungo.

"Na ile nilisema niko tayari?"

"Niliandika 'radhi'."

"Radhi ni nini?"

"Ni kukubali. Kama mutu anakubali kuachia kitu."

Akaweka ungo chini. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa, "Kwa hiyo ile mama hakunidanganya."

"Hakukudanganya."

"Miaka yote namutukana mu sala. Na mutoto anajua nilimutupa." Akainua macho. "Ulijua tangu lini?"

Nilimwambia. Sikupunguza hata mwezi.

"Toka kwangu," akasema. "Toka, ao nitakutosha mimi mwenyewe, na hiyo tosha utaisikia bila kitabu."

Nikatoka. Nilistahili zaidi ya hapo, na nilijua.

Saa nane, wakati wewe na mama yako mnakunja nguo, akaja. Nilimwona kwa mbali amebeba kitu begani, nikafikiri ni panga au mchi. Kilikuwa kiti. Akakiweka hapa mbele ya kinu, akakaa, akatoa ile karatasi yenye namba.

"Andika."

"Mimi?"

"Njo wewe. Kalamu yako njo iliharibu, itengeneze. Mi siwezi kupiga, sauti itanikatikia. Andika, binti yako atatuma."

Akaanza kusema, na mimi nikaandika kama anavyosema, sikunyoosha hata herufi. Lakini kila neno nilimwuliza: hapa unataka kusema nini? Na hapa? Mpaka akachoka. "Unauliza kama polisi!" Nikamwambia nimefundishwa na mtoto wangu. Akaguna. Kutoka kwa Byamungu, mguno ni hotuba.

Tulipomaliza ya mtoto, hakuondoka. Akakaa anakunja na kukunjua mikono. Mwisho akauliza:

"Ile mama ya cherehani. Kule, 'pardon' banasemaka namna gani?"

"Banasema 'niwie radhi'."

"Tena ile radhi?"

"Njo ile."

Akatikisa kichwa. "Hiyo neno inatupenda." Halafu akasema niandike karatasi ya pili, ya yule mama, na hiyo iwe kwa Kiswahili chake yeye, iliyonyooka, isikosee hata kidogo, ili asihangaike kumwita mtu wa kumsomea. Nimeiandika. Utaipitisha kwenye Nyoosha, halafu utaisoma tena wewe kwa masikio yako yote mawili, kabla ya kuituma kwa namba hiyo hiyo ya Furaha.

Hizi hapa, nimezifunga ndani ya kaye ya saba pamoja na ile namba. Ya mtoto inasema hivi, uione sasa usije ukadhani nimekosea:

"Furaha mutoto wangu. Ni baba. Ile siku nililomba bakutoshe kule, nilikuwa nasema bakulete kwangu. Sikukuachia mutu. Nilinunua gauni. Nilikaa Kabingo nakungoja, siku mingi. Mutu wa kuandika alikosea, na yeye iko hapa analia, lakini usimuhurumie bado. Kama umebaki kule kwa sababu unapenda, ni muzuri. Nilitaka tu ujue nilikuita."

Kile kipande cha kulia si kweli. Ni vumbi. Lakini alisema niandike, na mimi siku hizi ninaandika kama mtu anavyosema.

Tuma ukifika mahali mtandao haukatiki. Na akijibu, mama yangu, najua utataka kunisomea mimi kwanza, kwa kuwa mimi ni baba yako na udadisi utakuwa unanila mpaka mifupa. Usinisomee. Mpigie Byamungu. Nimepita kwake sasa hivi kuomba moto, nimeona amekaa na simu yake mkononi, ile ndogo ya tochi, na anaiangalia, wakati wewe hata begi hujafunga.

Papa yako,
Bisimwa